MAMA WA FINLAND ALIYEKAA MKEKANI

Ukitaja jina la Marja-Liisa Swantz pale kijiweni Kilwa Masoko, wengine watadhani ni dawa ya mafua! Kumbe ni mwanamke aliyewatoa jasho wasomi kwa swali dogo tu: nani mjuzi, anayeuliza au anayeulizwa?

Alizaliwa Finland mwaka 1926, akaja Tanganyika 1952 kufundisha wasichana Ashira, kule Marangu. Mwaka 1965 akahamia Bunju, enzi hizo kijiji haswa, siyo Bunju hii ya daladala. Akakaa na Wazaramo mpaka 1970. Siyo kukaa kwa kupita na kalamu na kofia, la! Alikaa mkekani na kina mama, akafuatilia habari za mwali, uzazi na uganga.

Sasa, msomaji wangu wa Pwani, wewe unajua. Mambo ya unyago mwanamume haingii hata awe profesa. Angeandika nini kuhusu nusu hiyo ya kijiji? Angewauliza waume zao, basi, halafu aite sayansi.

Mwaka 1970 Mama Swantz akachukua udaktari Uppsala, Sweden, kwa utafiti huo wa Uzaramo. Halafu akarudi Mlimani. Mwaka 1975 akaanza mradi wa Jipemoyo wilayani Bagamoyo, ambako wanakijiji walikuwa watafiti pamoja na wasomi. Hoja yake: kukaa mbali na mtu hakukufanyi umjue vizuri zaidi. Mmarekani Sandra Harding, mwanafalsafa aliyefariki 2025, alivuma kwa kitabu chake cha 1991 kilichouliza sayansi ni ya nani. Huku kwetu swali hilo lilishatembea kwa miguu vumbini!

Mnaobisha, njooni Somanga siku ya bamvua. Maji yakitoka, shangazi yangu anashika kijiti na kikapu, anatembea juu ya miamba. Anakuonyesha tundu: hili lina mwenyewe, hili limehamwa. Anajua kwa maganda ya kaa na chaza yaliyotupwa mlangoni, maana pweza akishakula hutupa takataka nje kama mpangaji mchafu. Anajua jike linapoatamia mayai halitoki kula, linakonda mpaka kufa. Hakusoma biolojia. Sasa akija bwana mmoja na karatasi, akahesabu mashua na nyavu tu, shangazi hayumo kwenye uvuvi kabisa. Hana mashua! Nauliza, huo ni ukweli au ni uvivu?

Mikoa yetu ya Lindi na Mtwara iliionja njia hii kwa mradi wa RIPS, uliogharamiwa na Finland tangu 1988 hadi 2005, uliosisitiza wanakijiji washirikishwe. Wazo zuri, lakini mikutano naijua mimi: wanaume kwenye viti mbele, kina mama chini nyuma ya mwembe, halafu ripoti inasema wananchi wote walikubali. Kha! Ndiyo maana nampenda huyu mama aliyeanzia kule nyuma.

Mwaka 2016 Mkuki na Nyota wa Dar walichapa kitabu chake kuhusu safari yake ya kutafuta maarifa yaliyo hai. Kimeandikwa Kiingereza, bahati mbaya. Namsomea shangazi huku natafsiri. Tumefika sura ya pili, na ameshanikatiza mara kumi.