Gitaa Lina Walimu Wawili

Kwa zaidi ya miaka 20 nimelipiga gitaa majukwaani, makanisani na arusini, na kwa muda uo huo nimelifundisha. Wazazi wanaoniletea watoto wao huniuliza aghalabu swali moja: je, hii ni kazi ya kumlisha mtu au ni burudani tu? Kabla ya kulijibu, sina budi kuungama kosa nililolitenda nikiwa mwalimu.

Kijana mmoja aliletwa kwangu na mamaye. Alikuwa akilipiga gitaa kwa vidole viwili tu, gumba na cha shahada, kwa namna iliyoenea Magharibi mwa Kenya tangu enzi za marehemu George Mukabi. Nilimwekea karatasi ya noti mbele yake. Hakuweza kuisoma. Nikamwamuru asahau yote aliyoyajua ili tuanze upya. Alikuja mara tatu. Ya nne hakuonekana. Nilijifariji kwa kusema kwamba hakuwa na subira. Kumbe aliyekosa subira ni mimi!

Kosa hilo lilinidhihirikia baadaye, nilipoyachunguza maisha ya wapigaji wa Uhispania, nchi ambamo gitaa la kisasa lilipata umbo lake. Huko gitaa lina koo mbili. Ukoo wa kwanza ni wa gitaa la kiklasiki, ambao mwalimu wake ni karatasi. Francisco Tárrega, aliyefariki mwaka wa 1909, alitunga, akaandika na kufundisha. Baadaye Andrés Segovia alizunguka na gitaa katika kumbi kubwa za dunia, kisha akawapokea wanafunzi kutoka mataifa mengi.

Ukoo wa pili ni wa flamenko, muziki uliolelewa na Waroma na makabwela wengine wa Andalusia, kusini mwa nchi hiyo. Mwalimu wa ukoo huu ni sikio. Mtoto aliurithi muziki kwa kumtazama baba, kaka au jirani, na kwa kumfuata mwimbaji na mchezaji dansi bila kupotea. Wala si muziki mwepesi. Wimbo wa aina ya soleá huenda kwa mzunguko wa mapigo 12, na mkazo huangukia pigo la 3, la 6, la 8, la 10 na la 12. Asiyeweza kuushika mzunguko huo kwa makofi, atauwekaje kwenye nyuzi? Hata magitaa yenyewe hutofautiana. La flamenko hutengenezwa kwa mti mwepesi wa saiprasi, na sauti yake ni kali, hukatika upesi. La kiklasiki huwa na ubavu wa mti mzito, na sauti yake hudumu.

Mzaliwa mmoja wa ukoo wa sikio alikuwa Paco de Lucía, aliyezaliwa mjini Algeciras mwaka wa 1947. Babaye, ambaye pia alikuwa mpigaji, alimwachisha shule mapema na kumfanyisha mazoezi kwa saa nyingi kila siku. Paco alivuma kote duniani bila kusomea noti. Hata hivyo, mwaka wa 1991 alijikaza kiume, akajifunza kwa taabu utunzi mashuhuri uitwao Concierto de Aranjuez, akaupiga pamoja na okestra mbele ya mtunzi wake, Joaquín Rodrigo. Rodrigo naye alipofuka akiwa na umri wa miaka 3, na kazi zake alizitunga kwa maandishi ya Braille. Tazama ajabu hiyo, mpenzi msomaji: mtunzi asiyeiona karatasi na mpigaji asiyeizoea, wote wawili wakakutana juu ya karatasi iyo hiyo.

Mfano mwingine ni Paco Peña, mzaliwa wa Córdoba. Aliujifunza muziki huu nyumbani, akaenda kuupiga London katika miaka ya 1960, na mwaka wa 1985 akaanza kufundisha gitaa la flamenko katika chuo cha muziki cha Rotterdam, Uholanzi. Mtu kama huyo hulazimika kuuuliza mkono wake mwenyewe: unafanya nini hapo, kidole kipi hutangulia, kwa nini? Jambo lililofanyika kwa mazoea sharti ligeuzwe maelezo. Ndiyo maana nashikilia kwamba kufundisha si kimbilio la mpigaji aliyeshindwa. Ni mtihani wa pili wa mpigaji aliyefaulu.

Basi jibu langu kwa wazazi ni hili. Wanaoishi kwa jukwaa pekee ni wachache. Wengi wetu hupiga wikendi na kufundisha siku za kazi, na kazi hizo mbili hulishana, nazo hutulisha. Maadamu mtaala wetu sasa umeifanya sanaa na michezo kuwa mojawapo ya njia tatu za sekondari pevu, walimu watawapata vijana wengi wenye sikio pevu wasioijua hata noti moja. Nawasihi: kabla ya kumwonyesha mwanafunzi karatasi, mwambie akupigie alichokuja nacho. Nawe mwanafunzi, usiidharau karatasi, kwani itakufikisha mahali ambapo sikio lako halijawahi kufika.

Yule kijana nilikutana naye miaka kadhaa baadaye katika arusi. Alikuwa akipiga, na watu walikuwa wakimtuza. Alipopumzika alinisalimu kwa heshima: "Hujambo, mwalimu?" Nilimwomba anionyeshe jinsi gumba lake linavyokwenda. Alicheka, kisha akanionyesha polepole, mara tatu, mpaka nikalishika. Usiku huo niliuandika wimbo wake kwa noti, na wiki iliyofuata nikampelekea karatasi hiyo. Mcheza kwao hutuzwa, walisema wahenga. Mimi nilikuwa nimechelewa tu kutoa tuzo.