Miaka Baada ya Mionzi: Akili ya Aliyetibiwa Uvimbe wa Ubongo

Mgonjwa wa Mkoa wa Katavi anayegundulika kuwa na uvimbe kwenye ubongo huanza safari ndefu kabla ya tiba yenyewe. Tiba ya mionzi haitolewi Mpanda. Humlazimu kwenda Bugando jijini Mwanza, au Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, na anayehitaji upasuaji huenda akapitia kwanza Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Apandaye treni ya tawi la Mpanda hupita Kaliua na Tabora kabla ya kuiona Dar es Salaam. Akifika, hukaa ugenini wiki tano au sita, akipigwa mionzi siku tano kwa wiki. Kisha hurudi nyumbani, na majirani humpokea kama mtu aliyepona.

Kwa wengi, kupona huko ni kwa kweli. Uvimbe umetulia, kichwa hakiumi tena, degedege limepungua. Lakini mwaka wa pili, wa tano au wa kumi, jambo jingine huanza kuonekana polepole.

Uchukuliwe mfano wa kufikirika wa mkulima wa mahindi na tumbaku katika Wilaya ya Tanganyika. Anazungumza vizuri, anasalimia kila mtu kwa jina, anakumbuka mwaka aliooa na mvua zilizonyesha utotoni mwake. Hata hivyo hakumbuki kama shamba la juu limekwisha kuwekwa mbolea. Akiwa sokoni, akiulizwa bei huku mteja mwingine akidai chenji, huchanganyikiwa. Namba ya siri ya simu ya fedha humtoka, naye humtajia kijana yeyote wa dukani amsaidie. Nyumbani huitwa mvivu; nje ya nyumba yapo maneno mengine, ya kurogwa na ya majini.

Tabibu anayelijua jambo hili ataona mpangilio wake. Kinachoathirika zaidi ni kasi ya kufikiri, umakini, uwezo wa kupanga kazi yenye hatua nyingi, na kumbukumbu ya mambo mapya. Lugha na kumbukumbu za zamani mara nyingi hubaki. Ndiyo maana mgonjwa huweza kukaa na daktari dakika kumi bila kuonyesha kasoro yoyote, na ndugu aliyemsindikiza ndiye mwenye habari kamili. Asiulizwe mgonjwa peke yake.

Madhara ya mionzi kwenye ubongo hugawanywa kwa wakati. Yale ya siku za mwanzo hutokana na uvimbe wa maji kwenye tishu, na hutulia kwa dawa. Kati ya mwezi wa kwanza na wa sita huweza kuja usingizi mzito na uchovu, ambao kwa kawaida huondoka wenyewe. Yanayokuja baada ya miezi sita ndiyo yanayoelekea kudumu: mishipa midogo ya damu huharibika, utando unaofunika nyuzi za neva hupungua, na seli changa zinazozaliwa katika hipokampasi hufa. Hipokampasi ni sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo, moja kila upande, na bila hiyo jambo jipya halihifadhiwi.

Mionzi, hata hivyo, si mshitakiwa pekee. Watafiti wa Uholanzi waliwachunguza wagonjwa 195 wenye uvimbe wa glioma unaokua polepole, na mwaka 2002 walieleza kuwa uvimbe wenyewe, na dawa za kifafa, zilikuwa na sehemu kubwa katika udhaifu wa akili. Udhaifu wa kumbukumbu ulihusishwa na mionzi hasa pale dozi ya siku moja ilipozidi Grei 2. Kundi hilo lilipofuatiliwa tena, wagonjwa 65 wakiwa wamefikisha wastani wa miaka 12, picha ilibadilika. Taarifa ya mwaka 2009 ilionyesha kuwa asilimia 53 ya waliopata mionzi walikuwa na udhaifu wa akili, dhidi ya asilimia 27 ya wasioipata, na umakini ulishuka hata kwa waliopewa dozi ndogo za kila siku. Anayefuatilia kwa miaka mitano tu hawezi kuliona jambo hili lote.

Hapa ndipo umbali wa Katavi unapogeuka kuwa suala la kitabibu. Dozi kubwa za siku chache humwokolea mgonjwa nauli, chumba na muda wa kuwa mbali na shamba. Kwa mtu mwenye saratani iliyosambaa na ambaye muda wake ni mfupi, huo ni uamuzi wa huruma. Kwa kijana mwenye uvimbe anayeweza kuishi miaka ishirini, wiki mbili zilizookolewa leo zinaweza kulipwa kwa akili yake ya kesho. Familia inastahili kuelezwa hivyo kabla ya kutia saini, kwa Kiswahili chepesi, na kwa wazee wa makazi ya Katumba na Mishamo huenda ikafaa kwa Kirundi.

Kwa waliokwisha kutibiwa, kazi kubwa ipo kwenye zahanati na hospitali ya mkoa. Jambo la kwanza ni kutafuta yanayorekebishika. Mionzi iliyopita karibu na tezi ya pituitari huweza kupunguza homoni, na tezi ya shingo ikilegea, mtu huwa mzito wa mwili na wa mawazo. Kipimo cha damu huonyesha, na vidonge husaidia. Sonona hufanana sana na kusahau. Shinikizo la damu na kisukari huongeza uharibifu wa mishipa ile ile midogo. Kuna pia fenobabitoni, dawa ya kifafa inayopatikana kwa urahisi na kwa bei nafuu, ambayo kwa baadhi ya watu hufifisha akili. Isisimamishwe ghafla kamwe, kwa kuwa degedege laweza kurudi kwa nguvu. Lakini daktari aulizwe kama ipo nyingine inayofaa. Na mabadiliko ya haraka, yenye kichwa kuuma, kutapika au udhaifu wa upande mmoja, yasiitwe kusahau: huyo arudishwe haraka kupigwa picha, kwani uvimbe huweza kurudi au tishu kufa kwa mionzi.

Kupima akili nako kuna mtego. Vipimo vingi vilivyotungwa nje hutegemea kalamu na kusoma. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walitengeneza kipimo kiitwacho IDEA kwa ajili ya wazee wenye uwezekano wa ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ambacho hata asiyejua kusoma hukifanya: kutaja wanyama, kukumbuka orodha ya maneno, kueleza daraja ni nini, kupanga njiti za kiberiti. Hakikukusudiwa kwa waliopigwa mionzi, na upungufu mdogo wa kijana kinaweza kuupita. Njia yake ndiyo ya kuigwa.

Kwa watoto tahadhari ni kubwa zaidi. Kadiri mtoto alivyo mdogo wakati wa mionzi ndivyo hasara inavyoongezeka, na kwa walio chini ya miaka mitatu madaktari hujitahidi kuiahirisha. Mtoto hapotezi alichojifunza, ila hujifunza polepole kuliko wenzake, na pengo hupanuka darasa kwa darasa. Mwalimu asiyeambiwa huona uzembe, na fimbo hufuata. Barua fupi ya daktari kwa mwalimu mkuu, ikiomba mtoto akae mbele na apewe muda zaidi, ni tiba isiyo na gharama.

Nje ya nchi, jaribio la wagonjwa 518 lililochapishwa mwaka 2020 lilionyesha kuwa kuikwepesha hipokampasi mionzi, pamoja na dawa ya memantini, hupunguza kudhoofika kwa akili kwa wanaopigwa mionzi ya ubongo mzima. Njia hiyo inahitaji mashine za kisasa na wataalamu wa kupanga dozi.

Kijijini, mkulima yule huhitaji daftari moja lisilohama mahali pake, kengele ya simu kwa ajili ya dawa, kazi moja kwa wakati mmoja, na mtu mmoja mwaminifu wa kushika naye fedha. Pikipiki aiache mpaka daktari aridhike. Na mke wake aelezwe, akiwa ameketi pamoja naye, kwamba mumewe si mvivu.