Maporomoko ya Mto Rutshuru

Watoto wa Goma, mkitaka kuona maporomoko ya maji, msiyatafute mjini. Mvua kwetu ni nyingi, lakini mto hakuna. Kwa nini? Mji wetu umejengwa juu ya mawe ya volkano, yenye matundu na nyufa nyingi. Mvua ikinyesha, maji huzama chini.

Basi tufuate njia kubwa ya kaskazini, kilometa 70 hivi, mpaka Rutshuru. Hapo pana mto wenye jina hilo hilo. Unatoka Uganda, katika Ziwa Mutanda, kwenye kimo cha meta 1,800 hivi, nao unaingia Ziwa Edouard, kwenye meta 915 hivi. Fikirini! Maji hayo hayana budi kuteremka karibu meta 900. Penye mteremko hukimbia. Penye genge huanguka kwa kishindo na povu jeupe. Hayo ndiyo maporomoko, nayo hayako mbali na mji wa Rutshuru.

Wahandisi nao hutafuta mahali pa namna hiyo. Mwaka 2015 mtambo wa umeme ulifunguliwa Matebe, kwenye mto huo huo, na umeme wake umefika hata Goma.

Tangu mwaka 2022 vita vimeleta taabu nyingi katika njia ya Rutshuru. Kwa hiyo wazazi waulize kwanza habari za njia, na mkifika, msikanyage mawe yenye utelezi. Kabla ya siku hiyo, chukueni ramani. Wekeni kidole penye Mutanda, mfuate mto mpaka Ziwa Edouard, kisha Mto Semliki, kisha Nile, mpaka Misri.