Beta na samaki wa kundi: masharti ya kukaa tangi moja

Anayefuga samaki wa mapambo nyumbani hukutana mapema na swali hili: je, beta anaweza kukaa tangi moja na samaki wadogo wa kundi? Kabla ya kujibu, ni lazima kuelewa tabia za pande zote mbili, kisha maji yanayowakutanisha.

Tuanze na beta. Asili yake ni Thailand na nchi jirani, kwenye majaruba ya mpunga na madimbwi yaliyotulia. Juu ya matamvua ana kiungo cha kuvutia hewa kutoka nje ya maji. Kambale wa Ziwa Victoria naye ana kiungo chenye kazi hiyo. Kwa hiyo beta huvumilia maji yenye oksijeni haba. Dume hulinda eneo lake, na watu wa Thailand walimchagua kwa vizazi vingi ili apigane. Hata hivyo, ukali wake humlenga zaidi anayefanana naye: dume mwenzake, au samaki mwenye mapezi marefu na rangi kali, kama gapi dume.

Samaki wa kundi ni yule anayeogelea pamoja na wenzake kwa kufuata mwendo wao. Kwa mkazi wa Musoma, kando ya Ziwa Victoria, mfano wa karibu ni dagaa. Kundi humpa kila samaki faida mbili: adui hupata shida kumkazia macho mmoja, na hatari ya mmoja kukamatwa hupungua kadiri wenzake wanavyoongezeka.

Historia ya ziwa hilo inatuonyesha kundi likijaribiwa. Sangara, samaki mkubwa anayekula wengine, alipandikizwa humo katika miaka ya 1950 na 1960. Kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za samaki wadogo waitwao furu zilikuwa zimepungua mno au kutoweka, lakini dagaa waliongezeka. Kundi si sababu pekee. Dagaa hukua na kuzaliana upesi, na kupungua kwa furu waliokula chakula kilekile kuliwaachia nafasi.

Kwa kuwa kundi hulinda kwa wingi wake, kanuni ya kwanza ni idadi. Rasbora, samaki wadogo wa kundi, wakiwa wawili au watatu si kundi. Wakiwa wachache hujificha na kupauka, na baadhi ya aina huanza kudonoa mapezi ya jirani. Sita ndicho kiwango cha chini; nane hadi kumi ni bora.

Kanuni ya pili ni aina. Wengi humhofia beta, lakini mara nyingi anayeumia ni yeye, kwa kuwa mapezi marefu humfanya aogelee polepole. Babi mwenye milia myeusi hupenda kudonoa mapezi, hivyo hafai. Rasbora ni mpole, na samaki aitwaye koridora hukaa chini huku beta akipenda juu. Dagaa wa ziwani nao hawafai: wamezoea maji mapana ya wazi, na tangi haliwapi umbali huo.

Kanuni ya tatu ni nafasi. Tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kimo cha 35 hubeba lita 63 likijaa. Chini ya hapo, anayefukuzwa hana pa kukimbilia. Mimea ya majini hukata mstari wa macho, na beta asipomwona jirani kila wakati hutulia. Tangi liwe na mfuniko, kwa sababu beta huruka, lakini hewa ibaki juu ya maji.

Kanuni ya nne ni maji. Maji ya bomba ya Musoma na Bunda hutoka ziwani, na mradi wa maji wa Mugango–Kiabakari–Butiama nao huchota humo humo. Yakitiwa klorini kwa afya ya watu, klorini hiyo huunguza matamvua ya samaki. Yaondolewe dawa kwanza. Kisha kuna kinyesi cha samaki, ambacho huzalisha amonia yenye sumu. Bakteria wa kwenye chujio huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitrati isiyo kali. Bakteria hao huhitaji wiki nne hadi sita kustawi, kwa hiyo samaki wasijazwe tangini siku ya kwanza. Joto liwe kati ya nyuzi 24 na 28. Kwa kuwa Musoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, usiku maji ya tangi dogo yanaweza kushuka chini ya hapo. Kipimajoto ni cha lazima.

Sasa tunaweza kuhukumu. Beta mmoja anaweza kukaa na rasbora sita au zaidi iwapo masharti yote manne yametimia. Kundi litangulie kuingia na beta awe wa mwisho, ili asilikute tangi tupu akalifanya lote kuwa eneo lake. Bado kila beta ana hulka yake. Mfugaji awe na chombo cha pili cha kumtenga akizidi ukali.

Wakishindwa kuelewana, mpe mfugaji mwingine beta huyo au umrudishe ulikomnunua. Usimwage samaki wa kigeni ziwani wala katika Mto Mara: sangara naye aliletwa kwa mikono ya watu, na hadi leo hakuna aliyeweza kumtoa.