Chujio Lina Kipimo Chake

Chuoni tulifundishwa kwamba maji yafaayo kwa udhu hutambulikana kwa mambo matatu: rangi, ladha na harufu. Kanuni hiyo yatosha kwa ibada. Kwa mnywaji haitoshi, maana kijidudu cha kipindupindu hakina rangi, ladha wala harufu. Ndiyo sababu leo twaandika juu ya chujio la mchanga la nyumbani, na juu ya kosa la kudhani kuwa chujio jema ni lile litoalo maji kwa kasi.

Mji wa Newala umekaa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, ukilitazama bonde la Ruvuma. Mvua ikinyesha, ardhi ya kichanga huyameza maji, nayo hujitokeza chini mabondeni. Kwa vizazi vingi mama zetu waliteremka kuyafuata na kupanda nayo kichwani. Mwaka 1971 Serikali iliazimia kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi apate maji ndani ya mita 400. Lengo hilo halikutimia. Leo mitambo ya Mitema hupandisha maji Newala na Tandahimba, na chemchemi ya Mbwinji huhudumia Masasi na Nachingwea. Hata hivyo, bomba likikauka watu hurudi kwenye visima vya wazi na matangi ya mvua. Hapo ndipo chujio lina kazi.

Chujio hilo ni chombo cha zege chenye mchanga laini juu ya kokoto, na maji yakisimama sentimita 5 juu ya mchanga. Hapo huota utando wa viumbe wasioonekana kwa macho, ambao huwala vijidudu vya maradhi. Utando huo huchukua hata siku 30 kukomaa. Basi kiasi cha kuchuja hupimwa kwa uwezo wa viumbe hao.

Mosi, kasi. Chujio la kawaida la nyumbani lisitoe zaidi ya lita 0.4 kwa dakika. Ndoo ya lita 20 isijae kabla ya dakika 50. Pili, mapumziko. Baada ya kumimina maji, lipumzishwe angalau saa 1, wala lisikae zaidi ya saa 48 bila kutiwa maji mapya. Tatu, usafi. Maji yakianza kutoka kwa shida, koroga taratibu sehemu ya juu ya mchanga, uteke maji machafu. Anayeutoa mchanga wote na kuusugua kwa sabuni amewaua watumishi wake mwenyewe. Dawa ya klorini hutiwa katika maji yaliyokwisha kuchujwa, kamwe si ndani ya chujio. Kaya yenye watu wengi iongeze chujio la pili, isilazimishe moja kukimbia.

Historia yashuhudia. Mwaka 1892 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 8,000 Hamburg, Ujerumani, mji uliokunywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja. Jirani yake Altona, uliochota mto huohuo chini ya uchafu wa Hamburg, uliyapitisha maji polepole katika mchanga, na madhara yake yakawa madogo.

Ndugu zetu wa Visiwani nao yawahusu. Katika nchi ya mawe ya matumbawe, maji hupita upesi katika nyufa hadi kisimani, kwa hiyo choo kilicho karibu ni hatari hata maji yakiwa maangavu. Tena wajue kwamba mchanga hauondoi chumvi. Kisima kilichoingiwa na bahari hakiponywi kwa chujio.

Kwa viongozi, neno letu ni moja. Kugawa machujio na kupiga picha ni nusu ya kazi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilifikisha elimu vijijini kwa redio na vikundi vya kusoma. Mfano huo twaujua, tuufuate. Mhudumu wa afya arudi nyumbani baada ya mwezi, akiwa na ndoo na saa mkononi, apime mwendo wa maji mbele ya mama mwenye nyumba. Maji yaliyobebwa kwa jasho kutoka bondeni yasije yakamrudishia mtoto kuhara kwa sababu tu hakuna aliyemwambia mama yake kwamba chujio halitaki haraka.