Joto Lililofichwa Ndani ya Maji

Wahenga walisema: "Maji ya moto hayachomi nyumba." Ni kweli, nyumba haichomeki, lakini mtoto huchomeka. Sakania iko juu zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai ni wa baridi. Ndipo akina mama huteleka masufuria ya maji ya kuogea juu ya mbabula, na watoto husogea karibu na makaa. Basi yafaa kila mzazi na kila mwanafunzi ajue maji hayo yamebeba nini.

Tuifanye shaba iwe mwalimu wetu, maana twaijua. Reli ilifika Sakania mwaka 1909. Mwaka 1911 tanuri la Lubumbashi likaanza kuyeyusha shaba, nayo ikapita hapa kwenda kusini. Je, kilo moja ya shaba na kilo moja ya maji, vyote vikiwa vya digrii 90, vina joto sawa? Wengi watajibu: Ndiyo. Sivyo! Kipimajoto huonyesha kitu kimefikia digrii ngapi. Hakisemi kimebeba joto kiasi gani. Joseph Black, mtaalamu wa Uskoti, alizipambanua habari hizi mbili yapata mwaka 1760.

Joto hupimwa kwa jouli. Kuiongezea kilo moja ya shaba digrii moja kwahitaji jouli 385 hivi. Kilo moja ya maji, yaani lita moja, yahitaji jouli 4,200 hivi, karibu mara kumi na moja. Kiasi hicho ndicho kiitwacho uwezo mahususi wa joto, na kila kitu kina chake. Kwa hiyo joto litoshalo kuyachemsha maji ya lita moja, kama lingeingia lote katika kilo moja ya shaba, lingeipandisha zaidi ya digrii 700, hata iwake nyekundu!

Hapo ndipo ilipo hatari. Jinsi maji yalivyopokea joto jingi, ndivyo yanavyolitoa jingi yanapopoa. Yakimwagikia nguo ya mtoto, hushikamana na ngozi na kuendelea kuichoma. Uji na bukari, kwa kuwa vina maji mengi, navyo hukaa na moto ndani ingawa juu vyaonekana vimepoa.

Lakini tabia hiyo hiyo ya maji ndiyo dawa. Maji ya baridi huvuta joto jingi bila yenyewe kupata moto upesi. Basi mtoto akiungua, mvue mara moja nguo iliyolowa, isipokuwa ile iliyogandamana na ngozi. Mwagia jeraha maji safi ya baridi kwa muda wa dakika 20, huku mwili wake mwingine ukifunikwa asishikwe na baridi. Usipake mafuta, wala majivu, wala dawa ya meno, usiweke barafu. Kisha funika jeraha kwa kitambaa safi, umpeleke zahanati.

Na kinga ni bora kuliko dawa. Katika beseni tangulieni kutia maji ya baridi, ndipo ya moto. Mbabula ikae mbali na mahali pa michezo, na sufuria ichemkayo isiachwe peke yake.