Mbele ya kuuliza bei ya parseli Butembo na Beni



Kwa wengi wetu, kisha kumaliza chuo na kupata kazi, feza ya kwanza yenye inabakia inatafuta parseli. Mimi nilisoma agronomia, na tangu nipate lisansi watu wa jamaa wananiita kuangalia udongo mbele wanunue. Kwa kutembea nao nimeona kwamba wengi wanafikiri kupatana bei ni maneno tu: kulia, kukasirika, kujifanya unaenda. Muuzaji amezoea hayo yote. Mutu mwenye anapunguziwa kweli ni ule mwenye alitembea mbele ya kuongea.

Anza na karatasi. Sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo wote ni wa Serikali. Hata muzee mwenye anakuambia kama babu yake alizikwa pale, kitu anakuuzia ni haki ya kutumia udongo, pamoja na nyumba na miti yenye iko juu yake. Na haki hiyo inahakikishwa na sertifika ya usajili, ile inatolewa na konservatere. Lakini parseli nyingi zenye zinauzwa kwetu ziko tu na fishi ya komine, ao karatasi ya mauzo yenye shefu wa kartie alisaini. Si lazima ukimbie. Ila parseli bila sertifika haiwezi kuwa na bei moja na ya jirani yenye iko nayo. Enda wewe mwenyewe kwenye kadastri, uliza kupima ni ngapi, kontra ni ngapi, mitasio ni ngapi, andika, kisha urudi: "Papa, parseli nimeipenda. Lakini kufika kwenye sertifika nitatoa tena feza hii. Tuigawanye." Kukataa maneno yako ni rahisi, kukataa hesabu ya ofisi ni vigumu.

Inje ya muji kuna jambo lingine. Mashamba mengi iko chini ya mwami na wakubwa wa udongo, na kwa desturi ya Kinande mwenye kulima anaweza kuwa na muhako wa kutoa. Sheria ya 1973 ilisema Raisi atatoa ordonansi juu ya udongo wa wanainchi wa vijiji, na miaka mingi ilipita bila hiyo ordonansi. Kwa hiyo ukinunua shamba la kakao upande wa Beni, uliza wazi kama muhako unaendelea, na nani ataulipa.

Sasa tuingie kwenye kazi yangu. Butembo ni vilima. Muuzaji anapenda kukuonyesha parseli mu kiangazi, saa ine ya asubui, jua nzuri. Wewe rudia siku ya mvua. Angalia maji inatoka wapi na inaenda wapi, kama kwa jirani wa chini udongo umeanza kukatika, kama mikaratusi ya juu ilikatwa karibuni. Kisha pima mutelemko. Miti mbili, kamba, na mupira wa maji wa fundi inatosha. Tuseme parseli iko na metre 15 kutoka juu mpaka chini, na mutelemko ni 30 kwa mia: tofauti ni metre 4 na nusu. Hiyo ni karibu nyumba ya orofa moja na nusu! Mbele ya kuweka tofali ya kwanza utachimba, utajenga ukuta wa mawe wa kushika udongo, utatafutia maji njia. Ita fundi, akuandikie mawe, muchanga, sima na siku za kazi. Ile karatasi ya fundi inapunguza bei kuliko kusema mara kumi "ni ghali, Papa".

Majirani wa pande ine nao uwasalimie, bila komisionere kuwa pale. Waulize mupaka unapita wapi. Pengine watakuonyesha mistari ya dracaena. Ni wao pia watakuambia kama parseli iliuzwa tayari kwa mutu mwingine.

Komisionere simuchukii, ni kazi. Lakini kama analipwa kwa asilimia, bei ikipanda naye anapanda. Na wamoja wanabandika feza yao juu ya bei ya mwenyeji. Mupatane naye mbele atapata nini na nani atamulipa, na muonane na mwenyeji uso kwa uso hata mara moja.

Na nani anasaini? Sheria ya jamaa inaomba bibi na bwana wakubaliane wote wawili juu ya kuuza. Kama ni urizi, watoto wote, wasichana pia, na ule mwenye iko Kampala. Wewe mwenye unauza, tengeneza hiyo mapema. Muuzaji mwenye karatasi zake na familia yake ziko tayari hana lazima ya kushuka haraka. Na usiongeze bei juu tu ya habari. Tangu Goma ianguke mwezi wa kwanza 2025, serikali ya jimbo ilihamia Beni, na wauzaji wamoja wanapandisha bei kama vile itabaki milele. Mununuzi mwenye akili atakuuliza: siku ofisi zikirudia Goma, nani atapanga mu nyumba hii?

Kuna mahali mimi ninakataa kusaidia mutu kupunguza bei. Tangu mauaji ya mwezi wa kumi 2014, watu wengi walikimbia upande wa Mbau, Oicha na Eringeti, na wamoja wanauza shamba ili wapate kupangisha chumba Butembo. Mama mwenye yuko na watoto kwenye varanda ya watu hapatani bei, anakubali tu. Kesho watoto wake watarudi, na utawaambia nini? Mutu kama huyo, mumupangie shamba kwa miaka mitatu ao minne, kwa maandishi, mbele ya washahidi, akule feza na udongo ubakie wake. Nimeona ikifanyika, na kakao haikupotea.

Siku ya kulipa, usilipe yote kama karatasi bado haijasainiwa, hata akiwa mujomba. Kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, na neno dola liandikwe. Mupatane pia juu ya bileti zenyewe: dola yenye kupasuka kidogo inakataliwa kwetu, na nimeona mauzo yakisimama saa mbili juu ya bileti moja ya mia. Hesabu mbele ya shefu wa nyumba kumi, kisha muuzaji naye ahesabu.